Likizo ya Watu Wawili kwa Mfuko Mmoja

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, Kibaoni, Ifakara)



Kamati iliponiomba niseme maneno machache mbele yenu, nilidhani nitatakiwa kuzungumza juu ya faida za elimu, maana ndilo jambo ambalo wazee wenye mvi huombwa kulisema. Katibu akaniambia hapana. Akasema wenzangu wamesikia kwamba mimi na rafiki yangu tuliwahi kwenda likizo ya wiki nzima katika bonde hili hili la Kilombero kwa fedha ambazo mtu mwingine huzimaliza kwa mchango wa harusi mbili, na wangependa kujua tulifanyaje. Basi nitasema. Lakini nawaonya mapema kwamba sehemu kubwa ya safari yetu ilifanyika mezani, juu ya daftari la mistari, kabla hatujapanda chombo chochote, na nusura safari yenyewe ifie pale pale mezani.

Mwenzangu yumo humu ukumbini. Amekaa nyuma karibu na mlango, mahali pale pale alipopenda kukaa tangu Kidato cha Kwanza ili awe wa kwanza kufika jikoni. Ameniruhusu niyaseme yote kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na nikikosea hesabu atasimama anisahihishe.

Tulikuwa Kidato cha Nne mwaka 1976. Vijana, mwaka ule ndio ambao reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi, mwezi Julai, baada ya kujengwa tangu 1970 kwa msaada wa Wachina: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, nayo ikapita hapa hapa Ifakara. Sisi tulikuwa tumezoea kuja shule kwa basi, waranti ya serikali mkononi na sanduku la bati juu ya keria, na wakati wa masika basi lilikuwa likikwama matopeni mpaka tunashuka kusukuma tukiwa na sare. Sasa usiku tukilala bwenini tulikuwa tunasikia treni. Mimi na mwenzangu tukaahidiana: mtihani ukiisha, tutapanda treni ile, tushuke popote tutakapopapenda, kisha tuzunguke bonde hili tukilala vijijini, tuione nchi ambayo tulikuwa tumeichora kwenye ramani tu, mito kwa rangi ya buluu na milima kwa kahawia.

Mtihani ukaisha, tukatawanyika. Yeye akapata kazi bandarini Dar es Salaam, mimi nikaingia ualimu. Ile ahadi ikakaa miaka 43.

Kila tulipokutana tulikuwa tunaitaja, na kila tulipoitaja tulikuwa tunasema neno lile lile, kwamba fedha hakuna. Mwaka 2019 wote wawili tulikuwa tumestaafu, na mwezi Mei nikaenda kwake Temeke tukakaa barazani na daftari. Hapo ndipo tulipoanza kupanga kweli.

Mpango wa kwanza ulikuwa wake, nao ulikuwa mpango wa mtu aliyefanya kazi bandarini. Alikuwa ameona magari ya watalii yakishushwa melini, na baadhi yake yalikuwa na nyumba ndogo ya bati inayokokotwa nyuma, ndani ina vitanda, jiko, meza ya kukunja, hata pazia dirishani. Wazungu wanaiita karavani. Huko Ulaya familia za kawaida huikokota nyumba hiyo mpaka mashambani au pwani, wakalala humo wiki mbili, wakapika chakula chao wenyewe na wasilipe hoteli. Mwenzangu akasema: "Sasa sisi tuchukue pikapu ya mkwe wangu, tufunge turubai, tuweke magodoro mawili na jiko la mkaa. Hiyo ndiyo karavani ya Temeke."

Nilicheka, lakini niliipenda. Tukaipigia hesabu. Kutoka Dar es Salaam hadi Ifakara kwa njia ya Morogoro na Mikumi ni kilomita kama 420. Kwenda na kurudi ni 840. Pikapu ile ilikuwa ikienda kilomita kumi kwa lita, tena ikiwa imeamka vizuri, kwa hiyo lita 84. Petroli wakati ule ilikuwa takriban shilingi 2,200 kwa lita. Zidisheni wenyewe, ninyi mlio na hesabu mbichi kichwani: 184,800, na hapo hatujazunguka bondeni hata siku moja, hatujabadilisha mafuta ya injini, wala hatujapasua tairi. Karavani ni rahisi kwa mtu ambaye gari analo tayari, barabara ni ya lami mpaka mlangoni, na nyuma ya gari wamejaa watoto wanne ambao hotelini angewalipia vitanda vinne. Kwa wazee wawili ambao mmoja goti linamuuma na mwingine hajui kuendesha, ni hasara tupu. Tukaifuta.

Ila neno lenyewe lilinibaki kichwani. Karavani ni neno la asili ya Kiajemi, na maana yake ni msafara, jambo ambalo sisi tulikuwa nalo kabla ya bati na pazia. Wazee wetu waliosafiri kati ya Bagamoyo na Ujiji walikwenda na kirangozi mbele na mizigo mabegani, na jioni waligawana katika makambi madogo madogo, kila kambi na chungu chake. Hilo neno posho ambalo wafanyakazi wa leo wanaligombania kwenye semina lilikuwa linatajwa katika misafara ile: ni mgawo wa mpagazi wa chakula, au kitambaa cha kubadilisha na chakula. Nikamwambia mwenzangu, basi na sisi twende kimsafara. Chombo kiwe cha umma, mzigo uwe wa kubebeka, chungu kiwe kimoja.

Akasema sawa. Kisha akasema neno lililoharibu kila kitu.

Tulikuwa tumekadiria kwamba wiki moja kwa watu wawili inahitaji shilingi 360,000. Akachukua kalamu, akaandika chini ya jina langu 100,000 na chini ya jina lake 260,000. Akasema: "Wewe mafao yako hayajatoka, bwana. Usijisumbue."

Ndugu zangu, maneno yale yalikuwa ya ukarimu, na mimi nilikasirika kana kwamba amenitukana. Nikasema sikuja kwake kuomba. Yeye akasema hakusema nimeomba. Nikasema anaonyesha kwamba anazo. Mambo yakawa mambo. Niliondoka pale bila kumaliza chai.

Sasa niwaeleze kilichokuwa chini ya hasira ile, maana ndiyo sababu hasa ya kukubali kusimama hapa. Mwaka 1996 mtoto wangu wa kwanza alipochaguliwa kwenda sekondari, sikuwa na ada. Nilikwenda bandarini kwa mwenzangu huyu, akanikopesha shilingi 150,000, bila karatasi na bila shahidi. Nikamrudishia 80,000 kidogo kidogo. Zikabaki 70,000, ambazo wakati ule zilizidi mshahara wangu wa mwezi. Mwaka ukapita, ukaja wa pili. Yeye hakudai, mimi sikusema. Kisha nikaanza kupita njia nyingine. Nikimwona stendi nilikuwa najifanya nasoma kibao cha basi. Miaka 23, ndugu zangu! Tunasalimiana misibani, tunacheka, tunataja treni ya 1976, na katikati yetu zimekaa shilingi 70,000 ambazo hakuna anayezitaja. Tuliposema safari haiwezekani kwa sababu fedha hakuna, mimi nilikuwa nasema kweli kwa namna ambayo sikuwa tayari kuieleza.

Wiki tatu hatukupigiana simu. Mke wangu akaniuliza: "Ulikuwa unataka kwenda likizo na mtu au na deni?" Sikumjibu. Lakini mafao yalipotoka mwezi Juni niliweka 70,000 ndani ya bahasha, nikapanda daladala kwenda Temeke.

Nilimkuta barazani. Nikamkabidhi. Akaifungua ile bahasha akahesabu noti mbele yangu, moja moja, taratibu, na mimi nimesimama. Sikupenda alivyohesabu, na hadi leo sipendi, lakini ilikuwa haki yake. Alipomaliza akasema: "Nilikuwa nakuona stendi ukigeuza uso. Nikadhani umepata umwalimu mkuu, umetusahau sisi wa bandarini." Nikamwambia nilikuwa nageuza uso kwa ajili ya hizo alizoshika. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Hizi si zile, bwana. Zile zingeezeka chumba. Hizi ni nauli." Akalifungua daftari, akakata ile 100,000 na ile 260,000, akaandika 180,000 kwangu na 180,000 kwake, na zile 70,000 akazitia pale pale kwenye mfuko wa safari kama mwanzo wa sehemu yake.

Baada ya hapo mipango ilikwenda upesi, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuwa watu wawili wanaoweza kuulizana habari za fedha. Tuliweka mfuko mmoja wa kitambaa wenye kamba. Mimi nikawa mwenye kuubeba na yeye mwenye kuandika daftari, ili asiwepo anayefanya yote mawili. Kila jioni kabla ya kula tunahesabu. Zikifika nusu kabla ya siku ya nne, tunageuza. Na mtu akitaka kitu chake mwenyewe, sigara au kanga ya kumpelekea mke, atoe mfuko wake wa pembeni na mwenzake asiseme kitu.

Vilevile ilitubidi kukata. Katika orodha yetu ya kwanza tulikuwa na Mahenge, kwa kuwa wote wawili tulifundishwa darasani jinsi boma la Wajerumani lilivyoshambuliwa pale mwezi Agosti 1905 wakati wa vita vya Maji Maji, na tulitaka kupaona. Hesabu ikakataa: siku mbili zaidi, nauli mbili zaidi. Tukaifuta. Hema pia tulilifuta. Mpwa wangu alikuwa tayari kutuazima la skauti, lakini lilikuwa zito kama mbuzi, na nyumba za wageni za huku chumba cha vitanda viwili tulikipata kwa 15,000. Kulala nje kwa lazima wakati kitanda kipo ni kujionyesha.

Wakati tuliochagua ni Julai. Hili vijana wa hapa mnalijua kuliko mimi: huku mvua huanza Novemba, na kuanzia Machi hadi Mei bonde lote chini linakuwa ziwa. Julai maji yamerudi mtoni, njia zimekauka, mpunga umevunwa, samaki wapo na chakula ni rahisi.

Kitu ambacho hatukukifuta, ingawa mwenzangu alinung'unika juu ya uzito, ni vyandarua viwili vyenye dawa. Itakuwa aibu mtu aliyesoma Ifakara aumwe na mbu Ifakara. Mji huu una maabara ya utafiti tangu 1957, ile iliyoanzishwa na Profesa Rudolf Geigy kutoka Uswisi na ambayo leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara. Na mpango mkubwa wa kuuza vyandarua vyenye dawa vilivyoitwa Zuia Mbu ulianzia katika wilaya hizi mbili, Kilombero na Ulanga, miaka ya 1990. Nyumba ya wageni inaweza kuwa na chandarua, na chandarua hicho kinaweza kuwa na tundu la kupita kuku. Bebeni chenu.

Basi tukasafiri. Tulipanda treni ya kawaida Dar es Salaam mchana, daraja la tatu, na chungu chetu kilikuwa kimejaa wali na maharage aliyopika shemeji yangu wa Temeke. Watu huniuliza kama daraja la tatu ni tabu. Ni tabu, ndiyo: viti vigumu, na mizigo ya watu inapumzika juu ya miguu yako. Lakini jua lilipokuwa linashuka treni iliingia katika Pori la Akiba la Selous, sehemu ambayo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na behewa zima likahamia upande mmoja. Mtoto mmoja akawa anatuhesabia twiga kwa sauti. Watalii hulipa dola nyingi kuingia kule. Sisi tuliwaona twiga kwa nauli ya kwenda Ifakara. Mwenzangu hakusema kitu kwa muda mrefu. Halafu akasema: "Hii ndiyo tuliyokuwa tunaisikia bwenini." Tulifika Ifakara usiku sana, na asubuhi jambo la kwanza tulikuja hapa Kibaoni kuitazama shule kwa nje ya uzio, maana ilikuwa imefungwa.

Ratiba za treni hubadilika, na mtu asije akaniambia nilimdanganya. Ulizeni stesheni kwanza.

Hapa Ifakara tulikodi baiskeli. Mji huu Mungu aliupangia baiskeli; ardhi ni tambarare na kila mtu anazo. Tulikwenda nazo hadi kwenye daraja la mto Kilombero. Wenzangu wa zamani mnakumbuka kivuko: foleni ya malori, kusubiri, jua, na hofu. Kilizama mwezi Januari 2016 kwa dhoruba, daraja likiwa katika kujengwa. Sasa lipo, mita 384, lilizinduliwa 2018 na limepewa jina la Rais Magufuli. Mwenzangu alilivuka kwa baiskeli, akageuza, akalivuka tena, kisha mara ya tatu. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anajilipa zile saa alizosubiri kivuko.

Siku ya tatu tulimkodi mvuvi mmoja Mndamba atupeleke mtoni kwa mtumbwi. Alituita wazee wangu, akatukalisha katikati, akatukataza kutikisika, kwa sababu ya viboko. Alikuwa anasukuma kwa upondo akiwa amesimama kana kwamba yuko sebuleni kwake. Tulikula kambale na perege wa kuchoma kambini kwao, kwa ugali, tukalipa kidogo sana hata tukaona haya tukaongeza. Lakini nilikuwa nimekwenda mtoni kwa ajili ya sheshe. Mnamkumbuka sheshe, yule mnyama wa rangi ya dhahabu aliyefanana na swala lakini akapenda majani ya karibu na maji? Bonde hili lilijulikana duniani kwa kuwa na sheshe wengi kuliko mahali pengine, na ni sababu mojawapo ya ardhi oevu hii kuingizwa mwaka 2002 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Tulizunguka asubuhi nzima. Tuliona ndege, tuliona mamba wawili, tuliona mashamba na ng'ombe mahali ambapo zamani tuliona mbuga. Sheshe hatukumwona hata mmoja. Mvuvi akasema yeye mwenyewe ana muda mrefu hajamwona upande ule. Sikufurahi kurudi na habari hiyo, na sitaifanya kuwa nzuri kuliko ilivyo. Ninyi vijana mnaosoma jiografia hapa mnaweza kumuuliza mwalimu wenu swali hilo Jumatatu.

Kutoka hapo tulikwenda Mang'ula, kilomita kama 50, kwa basi dogo, na hapo ndipo mfuko ulipojaribiwa. Goti la mwenzangu lilikuwa limevimba kwa baiskeli. Chumba tulichoahidiwa kwa simu kwa 15,000 tukaambiwa mlangoni kuwa ni 30,000, na tena kilikuwa juu ghorofani. Jirani palikuwa na hoteli nzuri yenye maji ya moto, kwa bei ambayo ingemeza posho ya siku mbili. Yeye akataka twende huko. Mimi nikasema mfuko haukubali. Akasema basi atalipa yeye mwenyewe, kwa wote wawili. Tukatazamana. Tulikuwa tumerudi Temeke barazani, chai haijamalizwa.

Safari hii sikuondoka. Nilimwambia: "Lipa cha kwako, kwa sababu ya goti, kwa mfuko wako wa pembeni. Mimi nitatafuta cha 15,000." Akasema nitalalaje peke yangu na chandarua chake kimo ndani ya mkoba wangu. Mwishowe tulifanya hivi: alilala kwenye maji ya moto, mimi nikapata chumba cha chini nyuma ya soko kwa 10,000, na asubuhi akaja kunigongea na goti limenywea, ananiambia hakupata usingizi kwa ukimya. Katika daftari usiku ule umeandikwa kwa mistari miwili tofauti, na hakuna aliyemdai mwenzake. Miaka ishirini nyuma ningekubali anilipie, kisha ningemchukia kimya kimya mpaka tufike Dar es Salaam.

Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa 1992, nayo ni hifadhi ya mtu mwenye miguu, si ya mtu mwenye gari, kwa sababu huzunguki ndani kwa gari kama Mikumi. Ndiyo maana nasema ni ya watu kama sisi. Raia hulipa kiingilio kidogo kwa shilingi, na juu yake unalipia wa kukuongoza. Langoni hawakupokea noti, ikabidi tulipe kwa simu, na simu ya mwenzangu ilikuwa haina chaji. Muwe mmejiandaa. Tulipanda hadi maporomoko ya Sanje, ambayo kwa jumla yanashuka mita kama 170. Kijana aliyetuongoza alisema watu huchukua saa nne. Sisi tulichukua saa saba, naye alituita babu kwa kila kona. Njiani alitusimamisha, akaonyesha juu: kima wa Sanje, mkia mrefu, anapita mtini bila haraka. Huyo kima wataalamu walimtambua mwaka 1979 tu, ilhali wenyeji walikuwa wanamjua na wana jina lake. Nikapiga hesabu. Tulipomaliza Kidato cha Nne hapa, si mbali sana na mahali pale, mnyama yule alikuwa bado hajaandikwa katika kitabu chochote cha biolojia, na sisi tulikuwa tunakariri kangaruu wa Australia.

Pale chini ya maporomoko kuna kidimbwi. Mwenzangu alivua shati, akaingia na goti lake. Yamebaki maelezo mengine ya pale ambayo si ya jarida la shule.

Tulirudi kwa basi kwa njia ya Mikumi, ambako barabara kuu yenyewe inakatisha hifadhi na madereva wanalazimika kwenda polepole, kwa hiyo tukapata tena tembo na punda milia bila kulipa kiingilio. Tulipofika Dar es Salaam tulihesabu mfuko kwa mara ya mwisho pale pale stendi, juu ya begi. Zilibaki shilingi 23,500. Tulizigawa sawa kwa sawa, 11,750 kila mtu, na zile 50 tulizikosa kwa chenji, kwa hiyo kondakta mmoja akapata soda yake.

Vijana, sikutaja bei nyingi kwa makusudi, maana bei za 2019 zimekufa. Ninyi hamhitaji hata zile 360,000. Mnaishi hapa, mna baiskeli za nyumbani, mna shangazi Mang'ula na binamu Mlimba. Lakini mkitaka kwenda wawili, kaeni kwanza na daftari, na kila mmoja aseme ana kiasi gani na anadaiwa nini na huyo mwenzake. Kama mazungumzo hayo yatawashinda, safari msiiende kwanza.

Mahenge bado tunaidai. Tumeandika ukurasa wake mpya, yeye ametaka twende kwa basi, mimi nataka baiskeli, na goti lake limepiga kura upande wake. Daftari ninalo hapa mkononi. Mwenye kutaka kuziona hesabu anifuate wakati wa chai.

Naona mwenzangu amesimama pale mlangoni. Ananiambia chumba cha nyuma ya soko kilikuwa 12,000, si 10,000. Ndugu Mwenyekiti, naomba kumbukumbu za mkutano zisahihishwe.